Grafu Yangu Iliwasingizia Kidato cha Tatu

Siku ya kikao cha wazazi nilivaa tai ya kuazima. Nilikuwa wiki ya nne ya BTP kwenye sekondari moja ya Dumila, wilayani Kilosa, na mkuu wa shule alikuwa amenipa kazi niliyoiona kama heshima. "Mwalimu, wewe umetoka chuo na kompyuta unaijua. Tutengenezee grafu ya mahudhurio ya muhula wa kwanza. Wazazi wakisomewa namba wanasinzia, wakioneshwa picha wanaelewa."

Nikachukua rejista za vidato vyote vinne, nikakaa nazo jioni mbili. Nikapata asilimia ya mahudhurio ya kila kidato, nikaandika namba nne kwenye Excel, nikabonyeza mara tatu, grafu ikatoka. Ilipendeza kwa kweli: pau nne za bluu, kichwa cha habari juu, hadi kivuli nyuma. Nikaitoa kwenye steshenari ya pale stendi, halafu nikaikuza kwa rula na maka peni kwenye karatasi ya manila ili hata mzazi wa benchi la nyuma aione.

Kwenye kikao nikaibandika ukutani. Hata sijaanza kueleza, mzee mmoja akasimama.

"Kidato cha Tatu ndiyo hako kafupi?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi nimeelewa. Mwanangu anaondoka nyumbani kila siku saa kumi na mbili asubuhi, sare amevaa. Kumbe shuleni hafiki. Anaishia huko stendi kupakia nyanya."

Watu wakaguna. Mama mmoja akaongeza kwamba vijana wa siku hizi ndivyo walivyo. Ndani ya nusu saa kikao kikapitisha azimio: mwanafunzi wa Kidato cha Tatu atakayekosa siku tatu bila ruhusa asimamishwe masomo wiki mbili. Mimi nimesimama pale na tai yangu, najiona nimefanya kazi.

Jumatatu asubuhi mtoto wa yule mzee akaja ofisini. "Shikamoo mwalimu. Naomba uniandikie kwenye karatasi siku nilizokuja. Baba amesema wiki ijayo nisije tena, niende shamba."

Nikafungua rejista. Siku za masomo muhula ule zilikuwa 90. Kijana alikuwa amekosa siku 4.

Nikaenda kuiangalia tena ile manila ukutani. Kila namba niliyoiandika ilikuwa sahihi. Picha ndiyo ilikuwa ya uongo. Nawaandikia wenzangu wa ualimu, na yeyote atakayewahi kupewa kazi ya "tutengenezee grafu", ili mjue uongo ule uliingilia wapi. (Namba za shule nimezibadilisha kidogo ili isitambulike, lakini umbo lake ni lile lile.)

MHIMILI ULIANZIA WAPI?

Namba zangu zilikuwa hizi: Kidato cha Kwanza asilimia 84, cha Pili 82, cha Tatu 78, cha Nne 91. Kati ya wa juu na wa chini kuna tofauti ya asilimia 13. Ni tofauti, ndiyo, lakini si ya kumtoa mtoto shule.

Sasa angalia kilichofanyika kwenye mchoro. Excel ikiachiwa ichague yenyewe, haianzi kila mara kwenye sifuri. Kama namba zako zimekaribiana, yaani tofauti kati ya kubwa na ndogo haifiki hata moja ya sita ya ile kubwa, programu inaona bora ikate sehemu ya chini ili tofauti zionekane vizuri. Moja ya sita ya 91 ni 15 na kitu. Tofauti yangu ilikuwa 13. Basi mhimili wa wima ukaanzia 70, mimi hata sikuuangalia.

Mhimili ukianzia 70, upau wa Kidato cha Nne unabaki na urefu wa 21, na wa Kidato cha Tatu unabaki na urefu wa 8. Gawanya mwenyewe: mmoja ni mrefu kuliko mwenzake zaidi ya mara mbili na nusu. Mhimili ungeanzia sifuri, upau wa Kidato cha Tatu ungefika kwenye asilimia 86 ya urefu wa ule wa Kidato cha Nne. Namba ni zile zile. Kwenye picha moja darasa linatoroka, kwenye nyingine darasa liko nyuma kidogo.

Kanuni yake ni nyepesi na inabidi tuikariri kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha: upau unasomwa kwa urefu wake, kwa hiyo upau uanze kwenye sifuri. Ukikata chini umekata urefu, na urefu ndio ujumbe wenyewe. Kurekebisha ni kazi ya nusu dakika. Bonyeza mara mbili kwenye namba za mhimili wa wima, dirisha la mipangilio litafunguka, pale penye kiwango cha chini andika 0. Kisha weka namba juu ya kila upau, ili mtu asiyeona mhimili aone thamani.

Grafu ya mstari ni kesi tofauti kidogo. Mstari unasomwa kwa kupanda na kushuka kwake, si kwa urefu kutoka chini. Chati ya homa ya mgonjwa ikianzia sifuri haimsaidii mtu, maana kati ya nyuzi 37 na 40 kuna maisha ya mtu, na mstari utaonekana umenyooka tu. Hapo kuanzia 35 ni halali, mradi mhimili uonekane wazi. Kwa hiyo usitoke hapa ukisema "kila grafu lazima ianze sifuri". Sema: pau lazima, mstari inategemea.

ULIZA SWALI KABLA YA KUCHAGUA CHATI

Kosa la mhimili lilikuwa dogo kati ya makosa yangu. Kubwa ni kwamba nilifungua Excel kabla sijajiuliza wazazi wanataka kujua nini. Programu ina chati za kila aina, na kila moja inajibu swali lake. Usipokuwa na swali, utachagua ile inayopendeza.

Maswali tunayokutana nayo shuleni mengi yanaingia kwenye makundi manne.

"Nani zaidi ya nani?" Hilo ni swali la kulinganisha, jibu lake ni grafu ya pau. Majina yakiwa marefu, kama majina ya vijiji au ya masomo, tumia pau za kulala ili mtu asisome huku ameinamisha shingo. Na zipange kuanzia kubwa kwenda ndogo, isipokuwa kama zina mpangilio wake wa asili, kama vidato.

"Imebadilikaje kadiri siku zinavyokwenda?" Hapo ni grafu ya mstari, muda ukiwa kwenye mhimili wa mlalo.

"Kitu kizima kimegawanyika vipi?" Hapo ndipo chati ya duara inaruhusiwa, tena vipande vikiwa vichache.

"Hiki kinaendana na kile?" Tumia grafu ya nukta, ambayo Excel inaiita 'Scatter'. Kila nukta ni mtu mmoja au kitu kimoja, chenye vipimo viwili.

Swali la wazazi wa Dumila halikuwa "darasa gani baya?" Hilo nililitengeneza mimi kwa kupanga pau nne ubavu kwa ubavu. Swali lao, kama ningewasikiliza, lilikuwa "kwa nini watoto wanakosa shule?" Na hilo upau wa wastani haulijibu hata ukianza sifuri.

DUARA LINALOPENDWA KULIKO LINAVYOSTAHILI

Niseme kidogo kuhusu duara, maana kwenye ripoti zetu za mwaka wa tatu limejaa. Chati ya duara si kitu kipya. Mtu wa Scotland aitwaye William Playfair alichapisha grafu za mistari na za pau mwaka 1786, na duara akalichapisha mwaka 1801. Tangu wakati huo watu wanalipenda kwa sababu linafanana na kitu tunachokijua, kama chapati iliyokatwa vipande.

Shida ni jicho. Mwaka 1984 wanatakwimu wawili wa Marekani, William Cleveland na Robert McGill, walichapisha utafiti kuhusu jinsi watu wanavyosoma grafu. Waliona kwamba tunakadiria vizuri zaidi vitu vilivyopangwa kwenye mstari mmoja wa kipimo, na tunakosea zaidi tukikadiria pembe na ukubwa wa eneo. Upau ni kipimo kwenye mstari. Kipande cha duara ni pembe na eneo. Ndiyo maana ukiwa na vipande vya asilimia 23, 24 na 25, kwenye duara hujui nani mkubwa, kwenye pau unaona mara moja.

Kuna kosa baya zaidi, na programu haitakuzuia kulifanya. Chukua zile asilimia zangu nne, uziweke kwenye duara. Excel itazijumlisha ipate 335, itagawanya, na itakuambia Kidato cha Nne ni asilimia 27. Asilimia 27 ya nini? Ya kitu ambacho hakipo. Mahudhurio ya vidato vinne si vipande vya kitu kimoja. Duara ni kwa vitu ambavyo ukivijumlisha vinatoa kizima chenye maana: wanafunzi wa shule nzima wakigawanywa kwa kidato, au watahiniwa wakigawanywa kwa daraja walilopata, la kwanza hadi sifuri. Hata hapo, ukitaka kulinganisha matokeo ya mwaka jana na ya mwaka huu, maduara mawili hayatakusaidia. Weka pau.

Na zile chati za kusimama kama keki, zenye unene, ziacheni kabisa. Kipande kilichoko mbele kinaonekana kikubwa kwa sababu kinaonesha na ubavu wake. Ni kama kupima mchele huku dole gumba liko kwenye mizani.

NUKTA ZILIZONIPELEKA MTONI

Baada ya yule kijana kuondoka ofisini, nilirudi kwenye rejista. Safari hii sikuchukua wastani. Nilichukua Kidato cha Tatu peke yake, wanafunzi 100, mmoja mmoja. Wazo langu la kwanza lilikuwa umbali: anayekaa mbali ndiye anayekosa. Nikaandika safu mbili, kilomita za kuja shule na siku alizokosa, nikachora nukta.

Kama umbali ungekuwa ndio sababu, nukta zingepanda taratibu kuelekea kulia. Hazikupanda. Wapo waliokuwa wanatembea kilomita 6 kwa kufuata barabara ya lami na hawakosi. Halafu kulikuwa na kundi la nukta limejitenga juu, wanafunzi wa kilomita 2 au 3 tu, wamekosa siku nyingi kweli kweli. Nikasoma majina yao. Wote vitongoji vya upande mmoja. Nikamuuliza mwalimu wa darasa, akacheka.

"Hao ni wa ng'ambo, mwalimu. Mto ukijaa utawaonaje?"

Watu wa Dumila hawahitaji kufundishwa habari za mto. Januari 2014 mafuriko yalikata mawasiliano ya barabara kuu ya Morogoro na Dodoma pale darajani, magari yakakwama pande zote mbili. Kama lami yenyewe inaweza kukatika, kivuko cha magogo cha wanafunzi kitakuwaje?

Hii ndiyo raha ya grafu ya nukta. Haikunipa jibu, ila ilinionesha pa kwenda kuuliza.

Nikawagawa. Wanafunzi 60 wa upande wa shule walikuwa na mahudhurio ya asilimia 86. Wanafunzi 40 wa ng'ambo, asilimia 66. Hapa kuna mtego mdogo wa hesabu. Ukichukua 86 na 66 ukagawanya kwa mbili unapata 76, lakini wastani wa darasa ulikuwa 78. Nani kakosea? Hakuna. Makundi hayalingani, kwa hiyo huwezi kuchukua wastani wa wastani. Rudi kwenye siku zenyewe: jumlisha siku zote walizohudhuria wanafunzi wote, gawanya kwa idadi ya wanafunzi mara siku za masomo, zidisha kwa 100. Ukifanya hivyo 78 yako inarudi.

Kisha nikachora mistari miwili, mmoja wa upande wa shule na mmoja wa ng'ambo, wiki kwa wiki kwa wiki zote 18. Wiki tisa za mwanzo mistari inakwenda pamoja, wa shule ukizunguka 88 na wa ng'ambo 86. Masika yakaingia. Wa shule ukashuka mpaka 84 hivi. Wa ng'ambo ukaporomoka, ukawa unazunguka 46 hadi muhula unafungwa. Mtu yeyote akiuona mstari ule hawezi kusema "watoro". Hakuna darasa linalopata uvivu siku mvua inapoanza.

Kwa nini sasa Kidato cha Tatu tu? Kwa sababu miaka miwili nyuma ng'ambo ilifunguliwa shule ya kata. Wadogo zao wa Kidato cha Kwanza na cha Pili wengi wanasoma huko huko. Kidato cha Nne wa ng'ambo wapo kwetu, ila wanalala kambini shuleni wakijiandaa na mtihani wa taifa. Waliobaki kuvuka mto kila siku ni Kidato cha Tatu. Ule upau mrefu niliousifia wa Kidato cha Nne haukuwa nidhamu, ulikuwa vitanda.

MITEGO MINNE MEZANI

Kabla sijamaliza hadithi, niwaachie mitego minne niliyoingia au niliyoona wenzangu wakiingia. Itawaokoa muda.

Wa kwanza ni wiki ya likizo. Kwenye wiki ya mapumziko ya katikati ya muhula niliandika neno "likizo" ndani ya seli. Mstari ukaanguka hadi sifuri kisha ukapanda tena. Excel inapokuta maneno mahali pa namba kwenye grafu ya mstari, inayahesabu kuwa sifuri. Ukiiacha seli tupu, mstari unakatika pale na kuendelea mbele, na hiyo ndiyo kweli. Kutokuwa na taarifa si sawa na sifuri. Mwalimu anayempa sifuri mwanafunzi aliyekuwa mgonjwa siku ya mtihani anafanya kosa hilo hilo.

Wa pili ni miaka kugeuka mstari. Una safu ya mwaka na safu ya idadi, unachagua zote, unapata mistari miwili: mmoja juu kabisa kwenye elfu mbili, mwingine umelala chini kama nyoka aliyeshiba. Ule wa juu ni miaka yako. Programu imeona ni namba, ikaichora. Dawa yake ya haraka ni kufuta neno "Mwaka" kwenye seli ya kona ya juu kushoto kabla ya kuchora. Programu ikiona kona iko tupu inaelewa kuwa safu ile ni majina.

Wa tatu unafuatana na huo, na hata watu wazima wanaingia. Grafu ya kawaida ya mstari inapanga miaka kwa nafasi sawa, hata kama miaka yenyewe haina nafasi sawa. Chukua sensa zetu. Tanzania ilikuwa na watu milioni 12.3 mwaka 1967, milioni 17.5 mwaka 1978, milioni 23.1 mwaka 1988, milioni 34.4 mwaka 2002, milioni 44.9 mwaka 2012, na milioni 61.7 mwaka 2022. Hesabu miaka iliyo katikati: 11, 10, 14, 10, 10. Kati ya 1988 na 2002 tuliongezeka milioni 11.3. Kati ya 2002 na 2012 tuliongezeka milioni 10.5. Kwenye grafu ya nafasi sawa, kipande cha kwanza kinapanda kwa ukali kuliko cha pili, na mwanafunzi wako ataandika "kasi ilipungua". Lakini kile cha kwanza kilichukua miaka 14, yaani kama watu laki nane kwa mwaka. Cha pili kilichukua miaka 10, zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Ongezeko la kila mwaka lilikua, picha ikasema limepungua. Miaka ikiwa haina nafasi sawa tumia grafu ya nukta zilizounganishwa kwa mstari. Hiyo inaweka kila mwaka mahali pake.

Wa nne ni rangi. Kwenye skrini mstari wangu mmoja ulikuwa mwekundu na mwingine wa bluu. Printa ya steshenari ni ya wino mweusi. Zikatoka kijivu na kijivu. Kama kazi yako itaprintiwa, na kwetu huku lazima itaprintiwa, fanya mstari mmoja uwe mzito na mwingine wa vidoti, na jina la kila mstari uliandike pale mwisho wake badala ya kuliweka kwenye kisanduku cha pembeni. Jaribu kwa kutoa karatasi moja kabla ya kutoa arobaini. Hata boom lenyewe lina mwisho.

Na kama laptopu huna, usijione umeachwa. Google Sheets inafanya kazi kwenye simu, LibreOffice ni ya bure, na mambo niliyoyasema hayategemei programu. Hata rula na manila vinayataka. Mimi ni shahidi: uongo wangu niliuchora upya kwa mkono, sentimita kwa sentimita, bila kugundua.

MZEE ALIRUDI

Nilimpelekea mkuu wa shule ile grafu ya mistari miwili na nikamwambia ukweli, kwamba ya kwanza ilipotosha na kosa ni langu. Nilitegemea kugombezwa. Aliikalia kimya muda mrefu, kisha akatuma watu wamwite yule mzee na wenyeviti wa vitongoji vya ng'ambo.

Mzee alikuja kesho yake na baiskeli. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamwonesha kwanza rejista ya mwanawe: siku 86 kati ya 90. Halafu nikamweka mbele ya manila mbili, ya zamani na mpya, nikamweleza habari ya kuanzia 70. Nilikuwa nimejiandaa kumfafanulia polepole, nikidhani tatizo ni kwamba hakuwa amezoea kusoma grafu. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu, mimi niliangalia urefu. Sikusoma vibaya?"

"Hukusoma vibaya, mzee."

"Basi sawa."

Hakusema zaidi. Alikuwa amesoma sawasawa kabisa. Upau ni urefu, na urefu nilioupima vibaya ni mimi. Kwa miaka miwili darasani nilikuwa nimejifunza kwamba kazi ya mwalimu ni kumfundisha mtu kusoma grafu. Hakuna aliyeniambia kwamba kabla ya hapo kuna kazi ya kuichora kwa namna ambayo mtu akiisoma sawasawa, anapata kilicho kweli.

Azimio la kuwasimamisha watoto likafutwa. Daraja halikujengwa, nisiwadanganye. Kilichofanyika ni kwamba baadhi ya wazazi wa upande wa shule walikubali kupokea watoto wa ng'ambo masika yakirudi, na wengine walisema nyumba hazitoshi, na hilo nalo ni kweli. Kijana alibaki shule. Siku naondoka kurudi chuo nilipita stendi kupanda basi, nikatazama vijana wanaopakia matenga ya nyanya. Hakuwepo. Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi. Alikuwa darasani.

Kwa hiyo, mwanachuo mwenzangu, BTP inakuja na mkuu wa shule atakuambia "wewe unaijua kompyuta". Kubali kazi. Ila kabla hujabonyeza 'Insert', andika swali lako kwa kalamu juu ya karatasi. Ukishachora, angalia mhimili umeanzia wapi, na ujiulize kila namba ni wastani wa akina nani. Kisha mwoneshe mtu mmoja ambaye hakuwepo ulipokuwa unachora, umuulize anaona nini, na wewe unyamaze. Atakachokisema ndicho grafu yako inachosema.